Mawe Niliyoyang'oa Njiani

Vijana wanaopanda baiskeli za milimani hapa Lushoto huniita mwalimu. Mgeni akiuliza ni nani anayeujua mchezo huu kwelikweli, huletwa kwangu. Heshima hiyo imenielemea muda mrefu, maana wengi wa wanaoniheshimu walikuwa wadogo wakati ule, na hawajui nilichokifanya kwenye njia inayoshuka kutoka ukingo wa msitu wa Magamba hadi bondeni. Niling'oa mawe na magogo ambayo wenye mashamba walikuwa wameyalaza njiani kwa mikono yao. Masika ilipokuja, maji yakachukua maharage ya mzee mmoja pamoja na udongo wake. Kijiji kikakaa kutafuta mkosaji, akapatikana kijana asiye na kosa, na mimi nilikuwa nimeketi palepale nikanyamaza.

Ninaandika habari hii yote kwa sababu kosa lile halikuzaliwa siku moja. Lilitokana na imani niliyokuwa nayo kuhusu ni mtu wa namna gani anayestahili kuitwa mwendesha baiskeli wa milimani, na imani hiyo bado naiona kwa vijana wengi, wa huku kwetu na wa mbali.

Kwa asiyeijua Usambara Magharibi: barabara ya lami huacha joto la Mombo, ikapanda kwa kona nyingi kupitia Soni, na baada ya kilometa 33 hivi unafika Lushoto mjini, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Kutoka hapo zinatawanyika barabara za udongo na njia za miguu, kwenda Irente, Magamba, Rangwi, Mlalo, hadi Mtae ukingoni kabisa, ambako unasimama na kuiona nyika ya Mkomazi chini yako. Udongo ni mwekundu. Ukikauka ni vumbi, ukilowa unateleza kama sabuni. Miteremko inalimwa hadi juu: maharage, viazi, kabichi, karoti. Njia za miguu ni nyembamba na za zamani, na zina wenyewe: akina mama wenye mizigo ya kuni na mboga wanaowahi malori, watoto wa shule, mbuzi, wagonjwa wanaoteremshwa kwa machela. Hakuna hata moja iliyochimbwa kwa ajili ya baiskeli.

Mimi nilijifunzia kwenye Phoenix ya baba, ile yenye breki za vyuma na kerea kubwa nyuma, ambayo kwenye mteremko ilikulazimisha kushuka na kuisukuma. Baadaye zikaingia baiskeli za mtumba zenye gia nyingi na tairi pana. Kisha nikanunua moja kutoka kwa mtalii aliyekuwa amemaliza safari yake, yenye shokapu mbele na breki za diski. Siku ya kwanza nilipovuta breki ile kwa kidole kimoja na baiskeli ikatulia katikati ya mteremko mkali, nilijiona nimepewa mlima mzima. Chombo kilichotengenezwa ili mtu aweze kujizuia, mimi kilinipa ujasiri wa kutojizuia.

Tukawa kikundi, nami nikawa mkubwa wao. Kipimo changu kilikuwa saa ya simu. Mmoja anasimama juu, mwingine chini, tunapigiana filimbi, tunaandika nani kashuka kwa muda gani. Aliyeshuka kwenye kiti mahali pagumu, huyo hakuwa makini. Aliyepunguza mwendo kumpisha mama mwenye mzigo, huyo hakuwa makini. Aliyesimama kumngoja mwenzake aliyepata pancha, naye pia, maana mimi nilifundisha kwamba kila mtu abebe kiraka chake na pampu yake na asimcheleweshe mtu. Nilithamini makovu. Kijana akija na kiwiko kilichochunika nilimsifu mbele ya wengine. Nilisema maneno hayo kwa watoto wa watu, na waliniamini.

Niliwasimulia pia habari ya Repack. Tarehe 21 Oktoba 1976, kaskazini ya San Francisco huko Marekani, vijana wachache wa wilaya ya Marin walikusanyika karibu na mji wa Fairfax na baiskeli nzito kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, wakateremka mmojammoja katika barabara ya udongo wakishindana na saa. Njia ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilometa tatu, ikishuka karibu mita 400. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile unayoifunga kwa kurudisha pedali nyuma. Kufika chini, joto limeshaunguza grisi yote, kitovu kinatoa moshi, na kabla ya kushuka tena ilibidi kukifungua na kukijaza grisi upya. Ndiyo asili ya jina la mashindano yale. Charlie Kelly ndiye aliyeyaandaa na kutunza muda. Gary Fisher alishuka kwa dakika 4 na sekunde 22, na hakuna aliyempita katika mashindano yale. Joe Breeze akaunda mwaka 1977 baiskeli mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo, Tom Ritchey naye akawa fundi wa fremu, na mwaka 1996 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Vijana walinisikiliza midomo wazi. Nilichowaficha ni nusu ya pili ya habari, ambayo nilikuwa nimeisoma vilevile. Katika miaka ya 1980 waenda kwa miguu na wapanda farasi wa Marin walilalamika juu ya baiskeli zilizowatokea ghafla kwenye kona. Njia nyingi nyembamba za mlima Tamalpais, mlima uleule uliouzaa mchezo, zikafungwa kwa baiskeli. Kwenye barabara za udongo zilizobaki wazi katika eneo la mamlaka ya maji, mwendo wa juu ukawekwa kuwa maili 15 kwa saa, yaani kama kilometa 24, na kwenye kona usizoona mbele ni maili 5 tu. Sikuisimulia sehemu hiyo kwa sababu iliharibu hadithi niliyoitaka. Laiti ningeisimulia, huenda hata mimi mwenyewe ningeisikia.

Sasa njia ile. Ilikuwa nzuri kupita zote tulizozijua. Ilianza kwenye kivuli cha msitu, ikatoka kwenye mikaratusi, ikateremka kandokando ya mashamba kwa kona ambazo zilionekana kama zimepangwa kwa ajili yetu. Kasoro yake machoni petu ilikuwa moja. Kila baada ya hatua kadhaa, hasa palipo pakali, kulikuwa na mstari wa mawe au gogo lililozikwa nusu, limelazwa mshazari kukata njia. Gurudumu la mbele likigonga hapo kwa mwendo mkali usukani unakupiga mikononi, na usipoinua kiwiliwili kwa wakati unarushwa. Niliyachukulia kuwa takataka za zamani. Sikumuuliza mtu yeyote, na kuuliza kungenigharimu dakika moja, kwa sababu wenye mashamba walikuwa pale kila siku na majembe yao.

Jioni moja ya kiangazi nilikwenda na mtaimbo. Vijana wawili walinisaidia, lakini mpango ulikuwa wangu na mtaimbo ulikuwa wangu. Tuling'oa mawe sehemu yote kali, tukayatupa kwenye korongo upande wa kushoto, chini ya mti mkubwa. Magogo mengine yalikuwa yameoza, yakatoka kwa mkono. Mengine yalikuwa yamezikwa vizuri mno, na hilo peke yake lingetosha kuniambia kwamba kuna mtu aliyeyaweka kwa akili. Siku iliyofuata njia ilikuwa laini. Nilishuka kwa muda ambao sikuwa nimewahi kuufikia, na nikashangiliwa.

Nieleze kazi ya mawe yale, maana mpanda baiskeli asiyeijua ataifanya dhambi yangu kesho. Maji ya mvua yakiingia kwenye njia inayoteremka huongeza mwendo kadiri yanavyoshuka, na yakiongeza mwendo huongeza nguvu ya kubeba udongo. Jiwe lililolazwa mshazari huyashika yakiwa bado machache na dhaifu, likayatoa pembeni kwenye majani, yakanywewa na ardhi. Hatua chache chini jiwe jingine linafanya vivyo hivyo. Ondoa mawe, na njia inakuwa mfereji kutoka msituni hadi shambani. Sisi tuliuongezea mfereji huo kitu kingine. Tairi linalozunguka huishika ardhi na kuiacha mahali pake. Tairi lililofungwa kwa breki halishiki tena, linakwangua. Kwa kuwa tulipenda kufunga breki ya nyuma kwenye kona ili mkia wa baiskeli ucheze na vumbi liruke, kila kona ilikuwa na mtaro wa kina cha vidole vinne, umechimbwa tayari, unangoja mvua.

Mzee mwenye shamba la chini alitusimamisha kabla mvua hazijaanza. Alikuwa amesimama katikati ya njia na jembe begani.

“Shikamoo babu,” nikamwambia.

“Marahaba, mjukuu wangu. Yale mawe ya huko juu yamekwenda wapi?”

“Hatujui, babu. Labda watoto.”

Akanitazama, akatazama tairi. “Basi mpite polepole. Mvua ikija, maji yatafuata hapo mnapokwangua.”

“Sawa babu.”

Tulipoipita kona ya pili, ambako asingeweza kutuona, tuliachia breki.

Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilikwenda kuitazama njia, nikijidanganya kwamba nakwenda kuona kama inapitika kwa mazoezi. Pale juu palikuwa pamechimbika hadi magotini. Chini, kwenye shamba la mzee, maji yalikuwa yameingia kwa nguvu pale njia inapopinda na yenyewe hayakupinda. Matuta ya ngazi matatu yalikuwa yamekatika katikati. Maharage yaliyokuwa yanaanza kutoa maua yalilala bondeni chini ya tope, na juu, mahali yalipokuwa yamesimama, ulionekana udongo wa chini, ule mgumu wa rangi hafifu ambao hauoteshi kitu kwa miaka. Mke wa mzee alikuwa akiokota miche iliyong'oka na kuipanga, ingawa haikuwa na faida tena. Akina mama wa mizigo walianza kuzungukia barabara ya malori, kwa sababu kwenye njia yao hapakuwa na pa kuweka mguu.

Wazee wa huku wana kumbukumbu chungu kuhusu matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara, Mlalo ikiwa ya kwanza, walime matuta kwa amri ili kuzuia mmomonyoko. Watu walipinga kwa miaka, wakiwemo akina mama ambao sehemu kubwa ya kazi ile iliwaangukia, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Asiyejua anaweza kusema basi Msambaa hajali udongo. Mawe niliyoyang'oa hayakuamriwa na mtu. Yaliwekwa na watu waliokataa kulazimishwa na wakajali wenyewe, kila mwaka wakirudishia lililosogea. Nami ni mtoto wa watu hao.

Mkutano wa kijiji ulifanyika juma lile. Mwenyekiti akauliza ni nani ameharibu njia. Kulikuwa na kijana wa bodaboda ambaye alikuwa akipitisha pikipiki pale mara mojamoja akikwepa mzunguko, na watu walikuwa wameona alama za tairi. Alama zilikuwa zetu. Tairi la baiskeli ya milimani lina meno, na kwenye tope mtu asiyezoea hawezi kulitofautisha na la pikipiki. Kijana akajitetea kwamba amepita mara chache na hajagusa jiwe lolote. Akaulizwa, sasa mawe yameondoka yenyewe? Akakosa jibu. Ikaamuliwa amlipe mzee mbegu na kazi ya kutengeneza matuta, na asionekane tena njiani pale.

Nilikuwa safu ya pili kutoka mbele. Nilijiambia kwamba nikisema, kikundi kitavunjwa, watalii hawatakuja, vijana watapoteza kipato. Hizo zilikuwa sababu za kujifariji. Ukweli ni kwamba niliona aibu na niliogopa, na nilimwona yule kijana kuwa mtu ambaye lawama humkaa kirahisi. Wale wawili walionisaidia walinitazama. Nilitikisa kichwa kidogo kuwaambia wanyamaze, wakanyamaza. Hivyo niliwafundisha na uongo pia.

Mvua zilipopungua kijiji kikaitisha msaragambo wa kurudisha njia. Nilikwenda na jembe langu. Kijana wa bodaboda alikuwa pale, amepewa sehemu ngumu kuliko wote, anachimba bila kuongea na mtu. Mzee ndiye aliyesimamia mahali pa kuweka kila jiwe. Katikati ya kazi mawe yakatuishia, mzee akasema, “Mwenye nguvu akatafute mengine.” Mimi nikainuka mara moja, nikateremka kwenye korongo, nikaenda moja kwa moja hadi chini ya ule mti mkubwa, nikaanza kuyapokeza juu. Yalikuwa yaleyale, na udongo wa njiani ulikuwa bado umeshika upande mmoja. Nilipoinua kichwa nikamkuta mzee amesimama ukingoni ananitazama. Hakuna mtu aliyekuwa amesema mawe yako wapi. Mzee hakunena neno. Akalipokea jiwe nililolishika, akageuka, akaenda kulilaza.

Angeweza kunitaja pale mbele ya watu wote. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kutajwa.

Jioni ile nilikwenda kwake. Nilimwambia yote, pamoja na uongo wa watoto. Akaniuliza swali moja tu: yule kijana amelipa kiasi gani hadi sasa? Sikujua. Sikuwa nimewahi hata kuuliza. Akasema, “Kwanza kajue hilo, ndipo urudi tuzungumze habari ya shamba.”

Nikaenda kwa mwenyekiti, na katika mkutano uliofuata nikasimama nikasema mbele ya kijiji. Nilimrudishia kijana alichokuwa amelipa na nikaongeza thamani ya siku zake za kazi kadiri wazee walivyokadiria. Alipokea. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumdai hilo. Hadi leo tukikutana ananisalimu kwa adabu na kupita. Kwa mzee nililima msimu ule, na msimu uliofuata, nikibeba samadi kurudisha rutuba kwenye matuta yale. Hayajarudi kama yalivyokuwa. Udongo wa juu uliokwenda na maji ya usiku mmoja haurudishwi na mikono ya mtu mmoja.

Katika kazi ile ndipo nilipoanza kujifunza mchezo niliodhani naufundisha. Mzee alinionyesha kwamba jiwe huzikwa sehemu kubwa na kuachwa ndogo juu, kwamba mwisho wake wa chini lazima uelekee kwenye majani na kamwe usielekee shamba la mtu, kwamba palipo pakali mistari ikaribiane. Nilipotafuta miongozo ya wachimbaji wa njia za baiskeli, hasa ile ya chama cha kimataifa cha IMBA kilichoanzishwa California mwaka 1988, nilikuta habari hizohizo kwa tarakimu: njia isiteremke kwa ukali unaozidi nusu ya ukali wa mlima wenyewe, wastani wa mteremko usizidi asilimia 10, upande wa bondeni uinamishwe kidogo, kama asilimia 5, ili maji yavuke njia badala ya kuifuata, na mara kwa mara njia ipande kidogo kabla ya kushuka tena, maji yapate pa kutokea. Waliojitolea kuandika miongozo ile walikuwa wapanda baiskeli waliofungiwa njia zao na wakaelewa ni kwa nini. Kuna nchi ambako wapanda baiskeli hutumia siku zao za mapumziko kushika jembe na toroli kabla ya kushika usukani, na hakuna anayeona kwamba hilo ni jambo la pembeni.

Breki nazo nilijifunza upya. Mtu anapoteremka uzito huhamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, na ya nyuma hufungika upesi kwa kuwa gurudumu lile limebaki jepesi. Anayekuja kwenye kona akiwa amechelewa kuzuia hufunga ya nyuma kwa woga, anakwangua, na kwa dakika ile hana usukani wala breki. Anayejua huzuia mapema, baiskeli ikiwa imenyooka, kidole kimoja kila upande, kisha huachia na kuiacha baiskeli ipinde yenyewe. Macho yake yako mbali mbele, hayako kwenye tairi. Huyo hana vumbi nyuma yake. Ule mkwaruzo niliokuwa nikiushangilia kama ushujaa ulikuwa alama ya mtu ambaye hajui kuendesha.

Kuhusu kuwangoja wenzako, niliona haya niliposoma habari za Cape Epic, mashindano ya Afrika Kusini yaliyoanza mwaka 2004 na huchukua siku nane. Hupandwa na watu wawiliwawili, na kanuni yao ni kwamba wenza wasiachane kwa zaidi ya dakika mbili, wakiachana wanaadhibiwa. Katika mashindano magumu kiasi hicho mwenye nguvu anafungwa kisheria na mwendo wa mwenzake. Mimi nilikuwa nikiwaacha watoto wenye pancha msituni.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nalo naliungama. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti wa Rwanda alibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London, akashiriki mbio za baiskeli za milimani na kushika nafasi ya 39. Niliwaambia vijana kwamba nafasi ya 39 si kitu. Nilimpima kwa saa yangu mtu aliyepoteza ndugu zake wengi katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, akajifunza mchezo huu katika nchi ambako baiskeli ilijulikana zaidi kwa kubebea mizigo, na akafika mbele ya dunia. Tom Ritchey, yule fundi wa fremu, alipofika Rwanda mwaka 2005 aliwaona wakulima wakiteremsha mizigo kwa baiskeli za mbao, akabuni baiskeli yenye kerea ndefu ya kubebea kahawa. Yeye hakuwadharau watu wale. Aliwaona kuwa waendesha baiskeli wa milimani, na ndivyo walivyokuwa. Mama yangu mdogo aliyekuwa akiteremsha magunia ya viazi kwa Phoenix akiizuia kwa kisigino alikuwa mmoja wao, nami sikuwahi kumhesabu.

Sasa kijana akija kwangu sitoi simu. Ninamwambia ashuke mbele yangu, kisha ninatazama udongo alikopita. Ninamtuma amsalimie kila mwenye shamba kwenye njia anayotaka kuipanda, ajue jina lake, ajue ni saa ngapi akina mama wanapanda na mizigo, na saa hizo asipite. Masika baiskeli zinakaa nyumbani au zinabaki kwenye barabara za malori. Anayefikia kona asiyoiona mbele anapiga kengele na kupunguza mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Wapo walionihama kwa sababu hizo, wakasema nimezeeka. Wanaweza kuwa na mwendo kunizidi, na wengine wao wananizidi kweli. Bado siwahesabu kuwa makini, na nitaendelea kusema hivyo mbele yao.

Ombi langu kwako unayepanda baiskeli katika milima yoyote inayolimwa na watu, iwe Usambara, Upare, Uluguru, miteremko ya Kilimanjaro, Ngong au vilima vya Rwanda: kabla ya kuisifu njia, mtafute aliyeitengeneza umsalimie. Beba jembe siku moja kabla ya mvua uulize wapi unahitajika. Na ukikuta jiwe limelazwa mshazari njiani, limezikwa nusu, usiliguse. Punguza mwendo, inua gurudumu, lipite.